Mshika Kamba

Mtaa mzima unamsifu Fuko. Ukipita pale kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye kisima kilichofukiwa uani, yeyote utakayemkuta atakusimamisha akusimulie jinsi mchimba visima alivyomfunga kamba mtu asiyemjua, akamtanguliza juu, yeye akabaki chini mpaka ardhi ikamfunika. Watasema alikuwa shujaa, na ni kweli, mimi sina ugomvi na marehemu. Ugomvi wangu ni na hao wasimuliaji. Kamba ina ncha mbili, na wao huanzia ncha ya chini wakaishia hapo hapo. Ncha ya juu ilikuwa mikononi mwa mwanamke. Mwanamke huyo yu hai, anafua nguo za watu upande wa pili wa mji, na hakuna anayemtaja.

Walikuwa wakimwita Bi Kamba. Hakubahatika kuwajua wazazi wake. Alilelewa na huyu akapokewa na yule, leo jikoni kwa mtu, kesho uani kwa mwingine, kama sufuria ya kuazimana. Alipoolewa alipata mume na mama kwa siku moja, na kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na watu wa kwake, hiyo si bahati ndogo. Aliwashikilia wote wawili. Akigombana na mumewe hakununa zaidi ya mlo mmoja, maana alijua akiondoka pale hana pa kwenda kununia.

Mumewe alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye kucha zisizotakata hata azisugue vipi. Mchana ukimtaka sharti umtafute chini ya ardhi, ndiyo maana wakamwita Fuko. Watu walipenda kumchokoza kwa ile methali ya mchimba kisima huingia mwenyewe. Naye alikuwa na jibu lake: "Na hutoka mwenyewe, mradi mke hajanuna."

Alisema hivyo kwa kuwa aliyekuwa akimtoa ni mkewe. Juu ya mdomo wa kisima walikuwa wakisimika miti miwili, wakalaza gogo lenye mpini wa chuma, na kamba ikajizungusha kwenye gogo hilo. Mume alishuka na sururu, mke akabaki na mpini. Ndoo ikijaa udongo, anazungusha mpini mpaka ifike juu, anamwaga, anairudisha. Wanawake wenzake walimtania kwamba wengine wanahangaika kwa waganga ili wawafunge waume zao, yeye wake kamfunga kwa kamba mchana kweupe na hakuna anayemsema. Alicheka. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya wanaume wengi wa mtaani, na aliificha akienda kwenye sherehe.

Wachimba visima wana taratibu zao, na mbili lazima nizieleze, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwanza, aliye chini hasemi maneno mengi, kwa sababu maneno mengi hufika juu yamevunjikavunjika. Ana maneno mawili tu. Ndoo ikiwa tayari huita "Mzigo!" Anayetaka kupanda mwenyewe huita "Mtu!" Pili, shimoni haliitwi jina. Wanaamini kwamba ardhi ikishalijua jina lako, ipo siku itakuita. Kwa hiyo Bi Kamba, aliyekuwa akimwita mumewe kwa jina lake siku nzima nyumbani, akifika kazini alilimeza.

Nyumbani waliishi na mama mkwe. Mwanzoni bibi yule hakumtaka. Miaka ilipita, mjukuu hakuja, na majirani wakaanza yale yao ya lisemwalo lipo. Siku moja mama mkwe aliwazima mdomo mbele ya watu. "Ni kweli, huyu hajanizalia mjukuu," alisema. "Lakini kila jioni ananitolea mwanangu shimoni. Ninyi wakwe zenu wanawatolea nini?"

Tangu hapo ikawa desturi. Asubuhi wanapotoka, bibi husimama mlangoni na kusema, "Haya, nimekukabidhi. Unirudishie mwanangu." Naye hujibu, "Nitakurudishia, mama." Ulikuwa utani, lakini Bi Kamba aliuchukua kama kiapo. Alijua nafasi yake katika nyumba ile inaning'inia kwenye kamba ile ile inayomning'iniza mumewe.

Basi wakaitwa kwenye nyumba ya vyumba vingi. Kisima cha uani kilikuwa kimekauka, na wapangaji walikuwa wakibeba maji kutoka mbali. Mwenye nyumba alitaka kiongezwe kina. Fuko alishuka, akapapasa matofali ya zamani yaliyozunguka kuta, akapanda juu akitikisa kichwa.

"Haya lazima yatolewe kwanza," alisema. "Nyuma yake kuna mchanga mtupu. Nikichimba chini yake yatakosa pa kukalia."

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kujisikia, na alipenda kumtaja marehemu baba yake kila alipoishiwa hoja. "Matofali hayo kayajenga marehemu baba. Ni imara. Yatakuzika wewe na wajukuu zako," alisema. Alidhani anayasifia.

Bi Kamba hakutaka kazi ile. Alimwambia mumewe wakiwa njiani kurudi, akamwambia tena wakila. Fuko alimjibu kwamba wakikataa wao, mwenye nyumba ataita wasiojua, na hao ndio watakaokufa. Alisema atachimba kidogo kidogo na kuegemeza mbao kadiri anavyoshuka. Mke akakusanya vyombo. Mpaka leo anajiuliza kwa nini siku ile hakununa.

Msaidizi wao wa kila siku, yule wa kujaza ndoo chini, aliamka na homa. Fuko akapita njia panda wanapokaa vibarua, akarudi na mtu mzima mmoja mrefu, mwembamba kama ufito, aliyevaa shati lililokuwa kubwa tangu lilipokuwa jipya.

"Umewahi kuingia kisimani?" Bi Kamba alimuuliza.

"Sijawahi, dada. Ila njaa imewahi kuniingia mimi."

Walicheka. Yule mtu akaanza kusema jina lake, Fuko akamzuia kwa mkono. "Jina liache juu, ndugu yangu. Huku sisi tutakuita Wa Leo."

"Na kesho je?"

"Kesho utakuwa Wa Jana."

Walicheka tena, na Wa Leo akashushwa akiwa amefumba macho, akisali. Asubuhi ile kazi ilikwenda vizuri. Ndoo zilipanda na kushuka. Chini, Fuko alimfundisha yule mgeni namna ya kusimama bila kuziba njia ya ndoo, na Bi Kamba alimsikia akimcheka, cheko lake lile la puani. Wanawake wa nyumba ile walipanga madumu yao ukutani mapema, kana kwamba maji yangetoka siku ile ile.

Jua lilipofika utosini, Bi Kamba alisikia sauti ndogo kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Mchanga ulikuwa ukivuja katikati ya matofali. Kisha tofali moja likachomoka, halafu la pili, yakaenda chini, na kutoka chini akasikia mtu akiguna. Alipiga kelele watoke. Vumbi likapanda. Halafu akaisikia sauti ya mumewe, safi kabisa.

"Mtu!"

Akashukuru. Alijua ni yeye anayekuja. Walivyozoea, fundi hupanda kwanza ili amsaidie mkewe kumvuta wa pili. Akaukamata mpini akazungusha kwa nguvu zake zote, na mizunguko ya kwanza hakufikiri chochote, isipokuwa kwamba atamkamata kwapani, atamtoa, na hatarudi tena kwenye ua huu hata walie.

Lakini mikono ina akili yake. Mikono ile ilikuwa imemvuta Fuko kila jioni tangu ndoa. Ilimjua kuliko macho. Fuko alikuwa mzito, na akivutwa hakuning'inia. Aliweka nyayo ukutani akapanda kama anayetembea, hivi kwamba mpini ulikuwa ukipumua, unalegea kidogo na kukaza, unalegea na kukaza. Mwili uliokuwa kwenye kamba sasa ulikuwa mwepesi, na ulikuwa umekufa ganzi, unajigonga huku na huku.

Hakuwa Fuko. Ni yule mwingine.

Bi Kamba alisimama. Sitamsingizia mema ambayo hakuwaza, maana mwenyewe hajawahi kujisingizia. Mpini ukiwa katikati ya mzunguko, aliwaza kumrudisha yule mtu chini. Hakuwaza kwa maneno. Aliona tu mikono yake ikilegea, mpini ukianza kurudi nyuma, na moyo wake ukaukubali mrejeo ule kwa furaha mbaya. Alikuwa na mume mmoja. Alikuwa na kamba moja. Yule aliyening'inia hata jina lake hakulijua.

Ndipo sauti ikatoka chini kabisa, kwenye giza, chini ya ule mwili unaoning'inia.

"Mtu!"

Lilikuwa neno lile lile, lakini safari hii halikuwa amri ya kazini. Alilisema kama alivyokuwa akisema nyumbani alipotaka ubishi uishe, taratibu, na uchovu kidogo. Fuko alikuwa amehisi kamba imesimama, na alijua kwa nini imesimama. Hakuna mtu duniani aliyemjua mkewe kama yeye.

Bi Kamba alizungusha. Alizungusha huku akilia kwa sauti, mikono ikichubuka, akimtukana mumewe kwa kila tusi analolijua. Wa Leo akatokeza, kichwa kimepasuka, macho yamefumba, kamba imepitishwa kwapani na kukazwa kwa lile fundo la Fuko. Akamburuta mpaka nje, akalifungua fundo kwa vidole na meno, akaitupa kamba chini na kupiga kelele, "Shika!" Kamba ilikuwa bado inashuka ukuta ulipoingia ndani wote kwa pamoja. Miti miwili ikang'oka, gogo likafuata kamba shimoni, na Bi Kamba akatupwa chali.

Alipojiinua alitambaa mpaka ukingoni. Hakukuwa na kisima tena, ni bakuli la mchanga na matofali na vumbi. Hapo ndipo aliposahau taratibu zote. Alimwita mumewe kwa jina lake, jina alilopewa na mama yake, mara nyingi, mpaka sauti ikakauka.

Watu walijaa. Wachimba visima wa mitaa mingine walikuja na mbao na makoleo, na mmoja, mzee wa kazi hiyo, alisema matofali yakiangukiana huweza kuacha nafasi, mtu akabaki humo akipumua. Ndivyo alivyosema, na Bi Kamba akalishika neno hilo. Wakaanza kuchimba taratibu, wawili wawili, wakiogopa kumwaga mchanga zaidi juu yake. Mama mkwe aliletwa akishikiliwa na majirani, akawekewa kiti kivulini. Hakulia. Alikuwa akitazama makoleo tu. Kaka yake Fuko, seremala, alikuja mbio na maranda ya mbao bado yamo kwenye nywele.

Hakuna kitu kibaya kama watu wengi wasio na kazi kando ya shimo. Wanaochimba ni wachache, waliobaki wana midomo. Wakaanza kumwangalia Wa Leo, aliyekuwa ameegemea ukuta, kichwa kimefungwa kitambaa cha Bi Kamba. Mmoja akauliza imekuwaje kibarua wa siku moja atoke na fundi abaki. Mwingine akasema hata yeye alikuwa anajiuliza hivyo hivyo. Na mwenye nyumba, ambaye tangu tofali la kwanza lianguke alikuwa amejificha chumbani kwake, akaona mlango wa kutokea umefunguka.

"Mimi nilikuwa dirishani," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Sauti iliyoita haikuwa ya Fuko. Huyu kamnyang'anya mwenzake kamba, akajifunga yeye, akaita 'Mtu' ili mama wa watu adhani anamvuta mumewe."

Seremala akamgeukia Wa Leo. "Ni kweli?"

"Sijui, kaka," alisema Wa Leo. "Kitu kilinipiga kichwani. Nilishtukia niko juu, huyu dada ananifungua."

"Eti hajui," mtu akasema. "Kapanda kisimani usingizini."

Wengine wakacheka, cheko la watu wanaotafuta ruhusa. Kipande cha tofali kikarushwa, kikampiga begani. Mtu wa pili akarusha. Seremala akaokota mtaimbo uliokuwa umelala kando ya mchanga, akaanza kumwendea, wala hakuwa anakimbia. Wa Leo hakuinuka. Aliweka mikono juu ya kichwa chake na kusubiri, kama mtu aliyezoea kwamba mambo humwishia hivyo.

Wanawake walikuwa wamemzunguka Bi Kamba, wanampangusa vumbi. "Pole, mwenzetu," walimwambia. "Umedanganywa. Wewe ungejuaje? Si kosa lako." Na mama mkwe kutoka kwenye kiti chake akanyoosha mkono, akasema, "Njoo huku, mwanangu. Wamekudanganya, mwanangu." Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kumwita mwanangu.

Basi uongo ulikuwa umeshatandikwa, umewekewa na mto. Kilichobaki ni yeye kujilaza. Hakuhitaji hata kusema kitu. Angenyamaza tu, angebaki mjane wa Fuko, mkwe wa mama yake Fuko, mwanamke aliyeonewa, na watu wangemhurumia mpaka anakufa. Kilichotakiwa ni kutogeuza shingo kuangalia ukutani.

Aligeuka. "Shemeji," aliita. "Muache. Aliyeita ni mume wangu."

Seremala alisimama bila kugeuka. "Shemeji, umechanganyikiwa. Shimoni sauti zote ni moja."

"Ni yeye. Alimfunga yeye mwenyewe. Fundo lilikuwa lake."

"Fundo liko wapi?" akadakia mwenye nyumba. "Kamba si imezikwa? Jamani, mwacheni mama wa watu, hajui asemalo."

Wakaitikia kwamba ni kweli, maskini, hajui asemalo, ni mshtuko. Mtaimbo ukainuka tena. Bi Kamba akaona kwamba ukweli wa nusu hautamwokoa yule mtu. Wamwamini kwa lipi? Mwanamke aliyefiwa anaongea lolote. Alikuwa na jambo moja tu ambalo wangeliamini, kwa sababu hakuna mwenye akili wala kichaa anayeweza kujitungia.

"Nilijua si yeye," alisema.

Makelele yalipungua.

"Nilijua kabla hajafika juu. Uzito haukuwa wa mume wangu. Nilisimamisha kamba. Nilitaka kumrudisha huyu chini ili nimtoe wangu. Mume wangu akaona kamba imesimama, akaita mara ya pili. Aliitia chini kabisa, huyu akiwa kati. Nikasikia. Nikajua nikizungusha namwacha." Akatazama mikono yake. "Nikazungusha."

Hapo hakuna aliyesema amechanganyikiwa. Koleo moja lilisikika likikwangua tofali, likanyamaza nalo. Mzee wa wachimba visima, aliyekuwa shimoni hadi kiunoni, alivua kofia akaishika mkononi. Seremala alimtazama shemeji yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha mtaimbo ukashuka pole pole mpaka ncha ikagusa ardhi.

Bi Kamba akaenda ukutani, akamwinua Wa Leo kwa mkono. "Nenda," alisema.

"Dada, mimi sikujua..."

"Nenda kabla sijajuta."

Alikwenda, akipepesuka, na watu wakampisha. Najua mngependa nikwambieni kwamba alirudi miaka ya baadaye na zawadi, au kwamba alimpa mwanawe jina la Fuko. Hakurudi. Kesho yake hakuonekana, na keshokutwa njia panda walisema hawamjui. Labda maisha yalimnyookea, labda alikunywa pombe akafa mtaroni. Aliokolewa kwa kuwa alikuwa mtu, na kuwa mtu hakumlazimishi aliyeokolewa kurudi kushukuru. Mimi bado namkasirikia.

Uani, mama mkwe alikuwa ameushusha mkono wake.

"Ulijua si yeye?" aliuliza.

"Nilijua, mama."

"Ukaendelea kuvuta?"

"Niliendelea."

"Kila asubuhi pale mlangoni, nilikuwa nakukabidhi nani?"

"Mwanao, mama."

"Si mtu wa barabarani?"

"Ni mwanao."

Bibi alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu asiyeonekana. "Basi usiniite mama," alisema. Bi Kamba alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu. Bibi aliivuta miguu yake, si kwa hasira, kama mtu anayeondoa miguu ili pafagiliwe. Kisha akawaambia wale wanawake, "Mtoeni. Mwanangu akitolewa, huyu asimwone."

Simlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi aliyepewa ukweli mkubwa namna ile mchana wa jua kali hawezi kuubeba wote. Bi Kamba naye hamlaumu. Kinachonikera mimi ni wale wanawake. Ni wale wale waliokuwa wakimpangusa vumbi. Walimwinua na kumsindikiza mpaka mlango wa ua, na mmoja wao alikumbuka hata kumpa viatu vyake, akaviweka chini nje ya kizingiti, akafunga.

Njiani nje kulikuwa na umati mwingine, watu waliokosa nafasi ndani. Hakuna aliyemjua. Alisimama miongoni mwao ameegemeza sikio kwenye mabati, akisikiliza makoleo. Alikuwa bado na lile neno la mzee wa kazi, kwamba matofali huweza kuacha nafasi. Aliomba. Aliomba mumewe atoke hata amevunjika miguu yote miwili, hata akitoka asimtake tena, hata amfukuze yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Aliahidi asichokuwa nacho. Jua likaanza kuinama, na makoleo yakaendelea, taratibu, taratibu, halafu yakaacha. Ukapita ukimya. Katika ukimya ule alitumaini kuliko alivyotumaini katika maisha yake yote.

Kisha wanawake wa ndani wakaanza kulia kwa pamoja, na sauti ya mama mkwe ikapanda juu ya zote, ikiliita lile jina.

Bi Kamba hakulia. Kulia kulikuwa kwa wenye msiba, nao walikuwa upande wa pili wa mabati. Mama mmoja mpita njia, mwenye kikapu cha sokoni, akasogea karibu naye akichungulia.

"Kwani kafa nani humo ndani?" aliuliza.

"Mchimba visima."

"Maskini. Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye," alisema Bi Kamba, akainama kuvaa viatu vyake.